Kengele Yangu na Filimbi ya Mwikali

Mwalimu mkuu wa sasa wa shule yetu, kijana ambaye baba yake nilimfundisha, amenipigia simu mara tatu kuhusu mlango. Wanataka kuandika jina langu kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa maabara, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kaimu mwalimu mkuu wakati kuta zake zilipokuwa zikipanda. Akaniomba pia niandike kurasa chache za kuwasomea wanafunzi na walimu wapya siku ya kuliandika, niwaeleze jinsi kazi yetu ilivyokuwa. Kurasa ndizo hizi. Habari ya mlango nitaifikia, lakini kabla ya hapo itabidi tupitie Urusi, kwa hivyo kaeni vizuri.

Wengi wenu mnanijua kama yule mzee wa maparachichi pale njia panda. Kabla ya maparachichi nilifundisha historia hapa Kilungu miaka thelathini na mmoja, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na si kingine. Shule ilikuwa ya harambee. Bodi iliajiri mtu aliyepatikana, na mimi nilipatikana.

Somo lililonipa jina lilikuwa Urusi ya mwaka wa 1917. Si mwaka mzima, bali ile miezi minane katikati: mfalme wao, Tsar, ameondoka, vita vikubwa na Wajerumani vinaendelea, na nchi iko mikononi mwa watu waliojiita Serikali ya Muda, mpaka siku kile chama kilichoahidi amani, ardhi na mkate kilipowatoa. Walimu wengi huiruka miezi hiyo. Kitabu chenyewe kiliipa ukurasa mmoja na nusu. Lakini ukitaka kujua kama mwanafunzi anaelewa siasa au anakariri tu, muulize kuhusu miezi hiyo. Majina ya wakubwa wake sitayataja hapa. Wanafunzi wangu waliyakariri vizuri sana wakasahau yote mengine.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kwa kusoma daftari langu la zamani. Niliingia, nikasema andikeni, nikasoma. Sikujua kwamba ukurasa mmoja ulikuwa umechanika, labda mdogo wangu aliwashia moto. Kwa hivyo katika somo langu Tsar alijiuzulu, na sentensi iliyofuata ilikuwa juu ya matrekta katika mashamba ya pamoja. Nilifundisha hivyo mihula miwili na hakuna aliyeinua mkono.

Aliyeuinua alikuwa Mwalimu Nzioka. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa idara, mtu mfupi, mzee kanisani, aliyevaa koti lile lile jua likiwaka na mvua ikinyesha. Siku hiyo alikuja akakaa kwenye dawati la nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa upole: "Mwalimu, hawa watu walilala na Tsar wakaamka na trekta?"

Darasa lilicheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Baada ya kipindi aliniita chini ya ukuta wa jiko, akatia mkono katika lile koti akatoa mahindi na maharagwe. Akaweka sahani ya bati chini. Akaniambia sahani ni ikulu, mahindi ni askari, maharagwe ni wafanyakazi wa viwanda na reli. Akaniambia niiweke Serikali ya Muda pale inapostahili. Nikamimina mahindi yote sahanini, maana serikali si ni serikali. Akayatoa moja moja akayaweka chini kwenye vumbi, mpaka sahani ikabaki tupu na kung'aa.

"Mutuku," akasema, "usiniambie nani alikuwa waziri. Nionyeshe punje zinamsikiliza nani."

Hilo ndilo somo lote la ualimu nililopewa maishani, na nawapa nyinyi walimu wapya bure. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha za zamani zinazotembea, watu wakikimbia katika barabara za Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule. Ni nzuri, zitumieni. Lakini picha haikuonyeshi yule anayekimbia anamtii nani. Chukua kiganja cha mahindi, weka juu ya dawati, uliza darasa. Utaona hata yule anayesinzia karibu na dirisha anainuka.

Shida yangu ya pili ilikuwa neno soviet. Niliwaambia ni baraza la wafanyakazi na askari, wakaandika, wakanitazama kama ng'ombe anavyotazama geti. Nikajaribu tena: ni mwethya. Hapo uso wa darasa ukabadilika. Kila mmoja alikuwa na mama katika mwethya, leo wanachimba matuta kwa shamba la huyu, wiki ijayo kwa yule, na kiongozi ana filimbi shingoni. Akipuliza, majembe yanainuka. Akipuliza tena, wanakaa wanakunywa uji. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumteua na hakuna asiyemtii. Katika mtihani wa mwisho wa muhula msichana mmoja aliandika kwamba mwethya wa Petrograd ulikuwa na askari wengi kuliko akina mama. Nilimpa alama zote.

Nzioka alisoma karatasi ile akacheka, kisha akanionya. Mwethya haupingani na mtu, alisema. Soviet ilikaa mji mmoja na serikali, ikatoa amri yake ya kwanza kwa askari: chagueni kamati zenu, na amri ya serikali itiini tu kama haipingi ya baraza. Ukiwaambia watoto ni kitu kimoja, wataona filimbi ya mama zao kwa macho mengine. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo raha ya kufundisha. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na nilipenda sana sauti yangu.

Nilikuwa na mengine ya namna hiyo. Kuna jenerali aliyewapandisha askari wake treni mwezi wa Agosti waende kuiteka Petrograd, akashindwa bila vita kubwa kwa sababu watu wa reli walizuia njia na kupeleka mabehewa kusikotakiwa. Wanafunzi hawakuniamini mpaka nilipomwita mbele kijana ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli Makindu. Nikamwambia wewe ni Makindu, jenerali anatoka Mombasa na askari elfu, anataka Nairobi, utafanya nini? Akafikiri kidogo akasema, "Nitamwambia injini inangoja maji." Nikauliza, na akiuliza maji yatakuja lini? Akasema, "Namwambia, ngoja kidogo tu, mzee." Darasa lilianguka kwa kicheko, na tangu siku hiyo hakuna aliyekosa swali la jenerali.

Sasa niwaambie juu ya mwaka wenyewe.

Ulikuwa mwaka wa ukame, mmoja kati ya ile mibaya ya miaka ya themanini. Mwalimu mkuu wetu alihamishwa mwanzoni mwa muhula wa pili, wa kumrithi hakuwa amepatikana, na Nzioka alikataa kukaimu, akisema magoti yake hayapendi ofisi. Nikaachiwa mimi. Kaimu. Nilipewa funguo, muhuri na kiti kinachozunguka. Kila mtu alijua kwamba mtu wa cheti cha kidato cha nne hawezi kuthibitishwa kuwa mwalimu mkuu. Mimi pia nilijua, lakini ukikaa katika kiti kinachozunguka wiki mbili, unaanza kufikiri labda.

Tulikuwa tunajenga maabara. Wageni fulani wa kanisa walikuwa wameahidi mabati, ikiwa kuta zitafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya mwaka kwisha. Kila alasiri saa tisa na nusu niligonga kengele, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, na wanafunzi wakateremka mtoni na karai na madebe kuleta mchanga. Kwenda na kurudi ni saa moja na zaidi, na kurudi ni kupanda mlima. Kabla ya ukame hawakulalamika. Lakini sasa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ilikuwa nusu sahani, maharagwe unayahesabu, na maji ya jikoni yalikuja kwa punda mmoja aliyezeeka.

Asubuhi za muhula huo, nikiwa kaimu, niliendelea kufundisha kidato cha nne. Nililigawa darasa: safu ya dirishani Serikali ya Muda, safu ya ukutani soviet. Mwenyekiti wa soviet alikuwa msichana aliyeitwa Mwikali, binti wa mkulima wa ng'ambo ya bonde. Alikuwa mtulivu, mwenye mwandiko mdogo, na alitaka kusomea uuguzi. Alikuja darasani na filimbi halisi ya mama yake ili mchezo unoge. Niliwafundisha, kwa sauti ile niliyoipenda, ile amri ya kwanza ya soviet, na jinsi serikali ile ilivyochoka na bado ikaendelea na vita kwa sababu ya ahadi zake kwa mataifa rafiki. Jinsi wakulima walivyodai ardhi wakaambiwa wangoje Bunge la Katiba, na uchaguzi wa bunge hilo ukasogezwa mbele. Jinsi baraza la mawaziri lilivyobadilishwa na kubadilishwa tena, watu wale wale wakihama viti. Nikapiga ubao kwa chaki nikasema: serikali haianguki siku inapopinduliwa, inaanguka siku inapogonga kengele na hakuna anayesimama. Maneno hayo ni yangu. Hayamo katika kitabu chochote.

Alasiri nilikwenda nikagonga kengele.

Mwikali alikuja ofisini na wenzake wawili. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. "Mwalimu, hatukatai mchanga," alisema. "Tunaomba tu usimame mpaka chakula kirudi vile kilikuwa."

Nilimwambia jambo zito kama hilo ni la mwalimu mkuu mpya, wangoje aje. Akauliza atakuja lini, nikasema karibuni. Wiki iliyofuata walirudi, nikawaambia nimeunda kamati ya walimu ya kulichunguza. Kamati hiyo haikukaa hata siku moja. Mara ya tatu alikuja peke yake, na safari hii hakuweka mikono nyuma.

"Mwalimu, si hii ndio ulituambia kuhusu mashamba yao?"

"Ile ni Urusi," nikamjibu. "Hapa ni Kilungu."

Akanitazama kidogo, akasema asante, akatoka. Kufikia wakati huo tayari walikuwa wamenipa jina. Nilikuwa nikipita nyuma ya mabweni nikasikia mtu akisema polepole, Serikali ya Muda inakuja, ficheni karata. Nilidhani ni utani tu wa watoto wanaopenda mwalimu wao.

Nzioka aliniambia waziwazi, tukiwa tunakunywa chai katika chumba cha walimu. Alisema niwape kitu leo, hata kidogo. Siku mbili za mchanga badala ya tano. Au mchanga karai moja, maji debe moja. Nikamwambia nikianza kupunguza watadai zaidi, na kuta hazitafika lenta, na wageni watasema tumeshindwa. Sikumwambia jambo la kweli, kwamba nilitaka bodi iingie katika maabara yenye paa ikumbuke ni nani aliyeipaua.

Ilikuwa Jumatano. Saa tisa na nusu nikagonga. Kwa kawaida ukigonga unasikia madawati yakisogezwa na karai zikigongana. Siku hiyo sikusikia kitu. Wanafunzi walikuwa wameketi nje ya madarasa yao kwenye mfereji wa saruji, miguu pamoja, wakinitazama, na hakuna aliyekuwa na utovu wa adabu usoni. Nikagonga mara ya pili. Mara ya tatu niligonga kwa nguvu hata kile chuma cha kugongea kikaniponyoka kikaniangukia kidole cha mguu. Nikarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya wanafunzi zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kisha filimbi ikalia, mara moja, kutoka mlango wa kidato cha nne.

Wote wakasimama. Wakachukua karai na madebe, wakapanga mistari, wadogo mbele, wakateremka mtoni kama kila siku. Nikajiambia basi wametii, ni ujeuri kidogo tu wa kuchagua mlio. Baada ya saa moja na nusu walianza kurudi, wamelowa mabega. Hawakubeba mchanga. Walibeba maji. Walipita mbele yangu mmoja mmoja wakayamimina katika mapipa ya jikoni mpaka yakafurika, mapipa ambayo hayakuwa yamejaa tangu muhula uanze. Mpishi alisimama na mwiko mkononi, hajui amshukuru nani. Filimbi ikalia tena, wakaingia madarasani, wakafungua vitabu.

Nzioka alikuwa amesimama kando yangu. "Mutuku," akasema, "punje zako ziko wapi?"

Bado kulikuwa na nafasi, na aliniambia. Ingia sasa hivi, alisema, waambie mchanga umesimama mpaka mvua, sema ni uamuzi wako, watakuachia heshima hiyo kwa sababu wanakupenda. Kutoka pale nguzoni mpaka madarasani ni hatua kama arobaini. Sikwenda. Niliingia ofisini nikachechemea mpaka kwenye kile kiti, nikaiandikia bodi kwamba kuna mgomo, na kwamba wanafunzi sasa wana kamati yao na wanatii filimbi.

Bodi ilikuja Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, hakuwa mbaya, lakini zile zilikuwa nyakati ambazo neno kamati liliwatia watu wakubwa homa, na neno amri lilikuwa baya zaidi. Alitaka kujua mambo haya yametoka wapi. Walimweka Mwikali kwenye kiti katikati ya chumba cha walimu, na mimi nikiwa mezani kama kaimu, faili mbele yangu.

"Msichana," mwenyekiti akamuuliza, "haya maneno ya kamati na kutii filimbi badala ya kengele, nani alikufundisha?"

Mwikali alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mwanafunzi anayemwachia mwalimu nafasi ya kujibu kwanza. Mimi nikatazama muhuri. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na naijua mpaka leo ilivyokaa mdomoni: ni mimi niliyemfundisha, ni somo langu la Urusi. Nzioka aliyekuwa dirishani alikohoa. Nikageuza ukurasa wa faili.

"Hakuna mtu, mzee," Mwikali akasema. "Niliwaza mwenyewe."

Walimfukuza shule majuma manane kabla ya mtihani wa taifa. Karani hakuwepo, kwa hivyo barua niliiandika kwa mkono wangu, na nikaandika kwamba alichochewa na watu wa nje. Hakukuwa na watu wa nje. Kulikuwa na ubao wangu na chaki yangu. Baba yake alipokuja kuchukua godoro na sanduku alivua kofia akanishukuru kwa kumfundisha binti yake karibu miaka minne. Nikapokea shukrani zile.

Januari mwalimu mkuu mpya alifika. Siku ya kwanza, paredini, alisema mchanga umesimama mpaka mvua inyeshe. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Kuta zilifika lenta miaka miwili baadaye, wanafunzi wakiwa wameshiba, na wageni wakaleta mabati yao bila kuuliza kwa nini tulichelewa.

Na mimi nikaendelea kufundisha Urusi. Mahindi na maharagwe, treni ya Makindu, vicheko. Lakini ile amri ya kwanza ya soviet niliiacha. Nikifika pale nilisema kwa ufupi kwamba nidhamu ya jeshi ilishuka, nikafungua ukurasa unaofuata. Mimi niliyewacheka walimu wanaoruka miezi minane niliruka aya moja zaidi ya miaka ishirini. Wanafunzi walipita mtihani hata hivyo, na hilo ndilo lililonirahisishia. Nzioka hakunigusia tena jambo hilo mpaka alipofariki. Alipostaafu alinipa kopo la mahindi na maharagwe. Mahindi yameliwa na fukusi mara kadhaa, nikayabadilisha. Kopo ni lile lile.

Mlipoanza kunipigia simu kuhusu mlango, nilisema ndiyo mara ya kwanza, nikasema nitafikiri mara ya pili. Kabla ya simu ya tatu nilikwenda Nuu. Nilikuwa nimesikia kwa miaka mingi kwamba Mwikali aliolewa huko. Nilimkuta mtoni na wenzake kama ishirini wakijenga bwawa la mchanga, ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto mkavu, ili mchanga ujikusanye nyuma yake na maji yabaki ndani yake. Sasa ni mama wa makamo, mvi zimechungulia kitambaani, na filimbi iko shingoni.

Alinitambua kabla sijasema jina langu. "Aiya," akawaambia wenzake, "njooni muone. Huyu ndiye Serikali ya Muda. Kumbe bado hujaanguka?"

Walicheka sana ingawa hawakujua wanacheka nini. Nikasema nina neno nataka kumwambia. Akasema saruji imeshachanganywa na haitaningoja, nitasema wakipumzika. Katika mwethya mtu hakai bure, kwa hivyo kwa saa mbili mzee huyu alipokezana mawe madogo kwenye mstari, kati ya mama mmoja aliyeimba na mwingine aliyeniuliza nina wake wangapi. Filimbi ilipolia tukakaa kwenye kivuli cha ukingo, nikamwambia yote. Muhuri, sentensi niliyoimeza, barua, watu wa nje.

Alisikiliza huku akisugua saruji kwenye vidole.

"Unajua kwa miaka mingapi niliwatafuta hao watu wa nje?" akaniuliza. "Kwa barua ilisema walikuwepo. Nikawa nafikiri pengine kuna mtu alinitumia na mimi sikumjua."

Akauliza kama bado nilifundisha ile amri baada yake. Nikamwambia niliiacha. Hapo uso wake ukajifunga, zaidi ya nilipotaja barua.

"Basi ulinifukuza mara mbili," akasema.

Nikamwambia juu ya mlango, kwamba nataka kukataa, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Alisimama, akajipangusa sketi.

"Mimi usiniambie, mwalimu. Mimi nilikuwepo. Waambie wale hawakuwepo."

Akapuliza filimbi. Nikainuka pamoja na wengine.

Kwa hivyo nawaambia. Jina langu lisiandikwe juu ya mlango ule. Nimekwishamjibu mwalimu mkuu, kwa simu na kwa barua, na safari hii sitazungushwa wala sitamzungusha mtu. Alipouliza waandike nini basi, nikamwambia akamuulize yule aliyeko Nuu, na akisema mlango ubaki mtupu, ubaki mtupu. Amekubali pia nije wiki hii nifungue faili ya mwaka ule, na chini ya barua yangu niandike mstari mmoja wa kuisahihisha kwa mkono ule ule, maana bado unaweza kushika kalamu.

Nyinyi walimu wapya, mkifika kwenye ile miezi minane, fundisheni amri ile yote, pamoja na filimbi. Msiogope kwamba wataielewa. Na mwanafunzi akisimama mlangoni mwenu na ombi dogo, mikono nyuma, mpeni sehemu ya jibu siku hiyo hiyo. Msimwambie kuna mkubwa anakuja.

Siku ya mlango nitakuwa paredini na kopo langu. Nitasimama pale nguzoni, chini ya kile kipande cha reli, niwasomee haya mwenyewe kama magoti yataruhusu, na yasiporuhusu nitakaa niyasome. Bodi iliuliza swali katika chumba cha walimu Ijumaa ile, na jibu walilopewa halikuwa la kweli. Mwikali hakuwaza peke yake. Mimi ndiye niliyemfundisha.